Tujifunze kuegesha pikipiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nami nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo wengi wanaliona dogo, yaani namna tunavyoegesha pikipiki huku vijijini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika milima ya Lushoto, ambako mahali tambarare ni pa kutafuta.

Mwaka 2019 niliegesha pikipiki yangu mbele ya ofisi ya walimu, gurudumu la mbele likitazama bondeni, gia nikaiacha frii, na kwenye keria nimefunga gunia la mahindi ya uji wa wanafunzi. Ilisimama dakika chache tu. Mtoto wa darasa la pili alipoigusa ilijisogeza mbele, stendi ikajikunja, pikipiki na gunia vikamwangukia. Alivunjika mguu. Kosa lilikuwa langu, wala simsingizii shetani.

Tangu siku ile nimeuliza mafundi na kujaribu mwenyewe. Stendi ya pembeni hujikunja kwa kurudi nyuma. Kwa hiyo pikipiki ikitelemka mbele, stendi inajifunga yenyewe. Ikitazama mlimani na kuwekwa gia ya kwanza, uzito unarudi nyuma na stendi inazidi kukaza. Mteremko ukiwa wa ubavuni kuna hatari nyingine. Stendi iko kushoto. Basi kushoto kukiwa juu, pikipiki inasimama wima mno, na kikumbo cha mtoto kinatosha kuiangusha kulia. Kushoto kukiwa chini sana, inalala mno na mzigo unaimalizia. Dawa ni kuigeuza itazame mlimani. Wakati wa masika, udongo uliokuwa mgumu asubuhi huwa tope mchana, kwa hiyo stendi iwekewe jiwe bapa au kipande cha ubao. Stendi kubwa ya katikati nayo ni ya mahali pa sawa tu. Na wakati wa kushusha gunia, mmoja ashike usukani.

Haya si mambo ya kusomea chuo kikuu. Lakini kijana anafundishwa alama za barabarani, anapewa leseni, na hakuna aliyemwonyesha namna ya kuiacha pikipiki ikiwa imesimama. Pikipiki yenyewe ina zaidi ya kilo mia moja kabla ya mzigo! Nendeni gulioni mkaone. Zimebanana kwenye ukingo wa barabara, moja ikianguka inaiangusha jirani yake, na watoto wamepanda juu yake wakijifanya madereva huku bomba la moshi bado ni la moto.

Nawaomba wanaofundisha udereva watenge saa moja tu kwa somo hili. Aidha, serikali za vijiji zisawazishe sehemu ya kuegesha gulioni na kwenye zahanati. Sisemi zingoje fedha kutoka wilayani. Shuleni kwetu wazazi walikuja Jumamosi moja na majembe, tukachimba ukingo nyuma ya ofisi, mbali na uwanja wa watoto, tukashindilia changarawe. Saa sita mchana kazi ilikuwa imekwisha.

Gulioni bado, na mtoto yule hadi leo huchechemea kidogo asubuhi za baridi.

Mwalimu wa Kijijini,
Lushoto, Tanga.