Fremu Kuukuu Isitupwe

MAARIFA YA NYUMBANI

Mwezi huu tutazungumza juu ya fremu kuukuu za picha. Tutajifunza kuzitengeneza. Tutajifunza pia kuzitumia kwa kupamba nyumba na kwa kutoa zawadi.

Kwanza nitawaeleza habari ya bibi mmoja.

Bibi huyu anakaa Njiro, katika jiji la Arusha. Alihamia huko zamani, wakati sehemu kubwa ilikuwa bado mashamba. Siku hizi amezungukwa na nyumba kubwa zenye kuta na mageti. Nilikwenda kumjulia hali baada ya masika.

"Shikamoo bibi," nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae. Nina jambo la kukuonyesha."

Akaleta fremu iliyovunjika pembe moja. Ndani yake ilikuwamo picha ya marehemu mume wake. Ni picha moja tu aliyokuwa nayo. Mvua ilikuwa imepenya ukutani. Maji yaliingia kwenye fremu, na pembe ya chini ya picha ikagandana na kioo. Bibi alijaribu kuibandua. Kipande cha bega la mzee kikabaki kwenye kioo. Hapo aliacha, kwa sababu aliogopa uso nao usije ukachanika.

Kisha akaniambia, "Sasa soma hapo nyuma."

Nyuma ya picha paliandikwa kwa kalamu ya wino: "Njiro, 1974. Kwa mama watoto, ili usinisahau."

Bibi alikuwa na picha hiyo miaka yote. Lakini hakujua kwamba nyuma pana maandishi. Wakati wa kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970 alikuwa na watoto wadogo na shamba la kulima. Hakupata nafasi. Amejifunza kusoma uzeeni, katika darasa la watu wazima. Alipotoa picha katika fremu iliyovunjika, aliyaona maandishi akayasoma mwenyewe.

"Mzee aliniandikia barua," alisema. "Nimeijibu kwa kuchelewa."

Ndugu msomaji, fremu ni nyumba ya picha. Nyumba ikibomoka, mwenye nyumba huumia. Kwa hiyo tujifunze kuitengeneza.

FREMU KUUKUU HUPATIKANA WAPI?

Hupatikana mahali pengi. Watu wanapohama nyumba huacha fremu. Maofisi nayo hubadilisha picha. Picha ya Rais hutundikwa katika ofisi na maduka mengi nchini. Ilibadilishwa mwaka 1985, 1995, 2005, 2015 na 2021. Picha ilibadilika, lakini mara nyingi fremu ilikuwa ile ile. Fremu nyingine huuzwa pamoja na mitumba. Tafuta sokoni, au waulize mafundi wa picha na maseremala.

Usichukue fremu kabla ya kuikagua. Angalia mambo matatu:

1. Je, mbao ni nzima? Igonge kidogo juu ya karatasi. Kama unga laini unadondoka, imebunguliwa na wadudu. Usiilete nyumbani. Wadudu hao watahamia kwenye kitanda na kabati.

2. Je, imepakwa rangi ya zamani? Rangi nyingine za zamani zina madini ya risasi. Vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiikwangue ikiwa kavu. Lowesha msasa kwa maji, fanya kazi nje, na watoto wakae mbali. Kisha oga mikono kwa sabuni. Mbao za namna hiyo usizipikie chakula.

3. Je, kioo kimevunjika? Kitoe polepole. Funga vipande katika gazeti nene, uvitie ndani ya kopo, kisha uvifukie katika shimo refu la taka. Usivitupe shambani. Mtoto au ng'ombe atakatwa.

KUTENGENEZA FREMU

Vifaa vinavyotakiwa: gundi nyeupe ya mbao, msasa, misumari midogo, nyundo, kitambaa, na mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli.

Watu wa Njiro hawakosi mpira kuukuu. Kwa miaka mingi kiwanda cha matairi cha General Tyre kilikuwa katika jiji hilo hilo la Arusha. Kiwanda kilisimama, lakini tyubu mbovu zingali tele kwa kila fundi baiskeli.

1. Safisha fremu kwa kitambaa chenye maji kidogo. Ianike kivulini mpaka ikauke.

2. Pembe zilizolegea zifungue. Kwangua gundi ya zamani. Gundi mpya haishiki juu ya gundi ya zamani.

3. Paka gundi katika pande zote mbili za pembe, kisha ziunganishe.

4. Kata tyubu iwe ukanda mrefu. Uzungushe ukanda huo kwenye fremu nzima, ukiuvuta kwa nguvu. Mpira utabana pembe zote nne kwa pamoja. Acha mpaka kesho yake.

5. Piga msasa taratibu, kufuata mwendo wa mbao.

6. Paka rangi, vanishi, au rangi ya viatu. Rangi ya viatu ni rahisi, nayo hung'aa ukiisugua kwa kitambaa.

Kama kioo hakipo, pima nafasi yake kwa rula. Andika urefu na upana. Kwa mfano: sentimeta 25 kwa sentimeta 20. Mwambie fundi wa vioo apunguze milimeta 2 kila upande wa kipimo, ili kioo kiingie bila kulazimishwa. Ni vizuri kuichukua fremu yenyewe uende nayo.

KUWEKA PICHA AU CHETI

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Huibandika picha kwa gundi, tena huigusisha na kioo. Unyevu ukiingia, picha hugandana na kioo.

Fanya hivi:

1. Kata kadibodi safi iliyo sawa na kioo. Hii itakaa nyuma ya picha.

2. Usiipake picha gundi. Kata vipande vinne vya karatasi, uvikunje viwe kama mifuko midogo ya pembe tatu. Ingiza kila pembe ya picha katika mfuko wake. Bandika mifuko kwenye kadibodi. Picha yenyewe itakuwa huru.

3. Kata kadibodi ya pili. Toboa dirisha katikati yake, dogo kidogo kuliko picha. Iweke juu ya picha, kisha weka kioo. Sasa picha haigusani na kioo.

4. Funga nyuma kwa hadibodi na misumari midogo. Ziba ukingo wote kwa ukanda wa karatasi na gundi. Vumbi na wadudu hawataingia.

Kabla ya kufunga, andika nyuma ya picha. Tumia penseli, na usikandamize. Andika jina la kila mtu, mahali na mwaka. Sisi tunawajua watu waliomo. Wajukuu wetu hawatawajua, kama hatukuwaandikia.

Na kama picha imekwisha kugandana na kioo? Usiivute. Iache ilivyo, pamoja na kioo chake. Ipeleke kwa mpiga picha aipige picha nyingine juu ya kioo hicho hicho. Hata simu inaweza kufanya kazi hiyo. Piga mchana, karibu na dirisha, lakini jua lisipige moja kwa moja juu ya kioo. Yule bibi wa Njiro alisaidiwa na mjukuu wake kwa njia hiyo. Nakala mpya imetundikwa ukutani. Ile ya zamani ameiweka ndani ya bahasha katika sanduku, kwa sababu ndiyo yenye maandishi ya mzee.

MAHALI PA KUTUNDIKA

Usitundike picha mahali panapopigwa na jua, kwani itapauka. Usitundike jikoni penye moshi, wala kwenye ukuta unaovuja. Bandika vipande viwili vya mpira wa tyubu nyuma ya fremu, katika pembe za chini. Fremu itaachana na ukuta kidogo na hewa itapita. Miezi ya Juni na Julai Arusha huwa na baridi na unyevu, kwa hiyo jambo hili ni muhimu.

Ukuta wa udongo haushiki msumari mdogo. Pigilia kwanza kigingi cha mti mkavu, kisha msumari uingie katika kigingi.

ZAWADI YA KWANZA: PICHA YA MAGOME YA MGOMBA

Kama fremu unayo na picha huna, tengeneza picha. Katika miteremko ya Mlima Meru, kama vile Akheri na Nkoaranga, migomba ni mingi. Magome yake makavu yana rangi nyingi. Mengine ni meusi, mengine ya kahawia, mengine meupe kama maziwa. Mafundi wa Afrika Mashariki hutengeneza picha na kadi kwa magome hayo na kuziuza.

1. Chagua magome yaliyokaukia kwenye mgomba. Yenye ukungu yaache.

2. Yafute kwa kitambaa chenye maji kidogo. Yapange kati ya magazeti, uweke mawe juu yake. Acha siku tatu au nne mpaka yanyooke na yakauke kabisa. Gome bichi likifungiwa ndani ya kioo litaota ukungu.

3. Chora picha kwa penseli kwenye kadibodi. Anza na kitu rahisi. Kwa mfano: mlima, nyumba, na mwanamke aliyejitwika ndoo.

4. Kata magome kwa mkasi. Gome jeusi liwe mlima. Gome jeupe liwe mbingu. Gome la kahawia liwe ardhi.

5. Bandika kwa gundi nyeupe. Anza na vitu vya mbali, malizia na vya karibu. Usitumie uji wa unga, maana mende na panya huupenda.

6. Weka mawe juu tena, usiku mmoja. Kisha itie katika fremu.

ZAWADI YA PILI: UBAO WA MTOTO

Fremu isiyo na kioo inafaa kwa ubao. Chukua ile hadibodi ya nyuma. Piga msasa upande laini. Paka rangi nyeusi isiyong'aa mara mbili, ukiacha ikauke kila mara. Irudishe katika fremu. Mtoto ataandika kwa chaki masomo yake ya nyumbani. Na wewe, mama au baba, utaandika hesabu za maziwa na mayai.

Hadibodi si kitu cha kudharau. Edward Saidi Tingatinga, mchoraji mashuhuri wa nchi yetu, alianza kuchora picha zake Dar es Salaam mwaka 1968 hivi. Alitumia vipande vya hadibodi na rangi za baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini uchoraji wake unajulikana duniani kote kwa jina lake.

ZAWADI YA TATU: FREMU YA HERENI

Toa kioo. Pigilia wavu wa dirisha nyuma ya fremu. Ning'iniza hereni na mikufu ya shanga. Akina mama wanaouza shanga watafaidika sana. Bidhaa iliyotundikwa huonekana kuliko iliyolazwa chini. Jaribu siku ya gulio la Tengeru, au kwenye maonyesho ya Nane Nane katika uwanja wa Themi, barabara ya Njiro.

TUPIGE HESABU

Ukitaka kuuza, piga hesabu kwanza. Hizi ni bei za mfano tu:

Fremu kuukuu: shilingi 1,500
Kioo: shilingi 2,000
Gundi, msasa na rangi: shilingi 1,000
Jumla: shilingi 4,500

Ukiiuza kwa shilingi 8,000, zinabaki shilingi 3,500. Je, hiyo ni faida yote? Hapana. Kumbuka nauli yako na muda wako. Kama nauli ni shilingi 1,200, zinabaki shilingi 2,300. Kama kazi ilikuchukua siku mbili, jiulize kama inatosha. Kikundi kikinunua gundi na kioo kwa pamoja, gharama hupungua.

MANENO YA KUKUMBUKA

Kubungua: kutoboa mbao au nafaka, kama wafanyavyo wadudu.
Hadibodi: ubao mwembamba unaowekwa nyuma ya fremu.
Nakala: picha au maandishi yaliyofanana na ya kwanza.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini picha isigusane na kioo?
2. Kwa nini hatukwangui rangi ya zamani ikiwa kavu?
3. Katika nyumba yako kuna picha ngapi? Nyuma yake pameandikwa nini?

KAZI YA KUFANYA

Jioni ya leo toa picha moja ya zamani. Mketishe mzee wa nyumba karibu nawe. Mwulize, "Huyu ni nani? Ilipigwa wapi? Mwaka gani?" Yaandike majibu yake kwa penseli nyuma ya picha. Kama mzee amejifunza kusoma, mpe ayasome mwenyewe kwa sauti.

Mwezi ujao tutajifunza kushona mkeka kwa vitambaa vilivyochakaa. Anza sasa kukusanya vipande vya kanga na vitenge.