Daktari haletewi ripoti ya hitilafu

Sisi waandishi wa programu tuna mjadala usiokwisha: je, kompyuta inaweza kumshinda daktari katika kutambua ugonjwa? Swali hili ni la kale. Miaka ya 1970, Edward Shortliffe na wenzake wa Stanford, Marekani, waliunda MYCIN, programu ya kanuni 600 hivi, iliyopendekeza dawa za maambukizi ya bakteria. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1979, wataalamu wanane waliyakubali mapendekezo yake kwa asilimia 65. Madaktari wa Stanford walipata kati ya 42.5 na 62.5. Hata hivyo, MYCIN haikuwahi kutumika kutibu wagonjwa wodini.

Mimi naona tunauliza swali lisilo na faida. Tunadhani uhodari wa daktari ni kujua mengi, basi tunamtengenezea programu zinazojua mengi. Lakini wewe mwandishi wa programu uliiva vipi? Programu ilikwama, mtumiaji akalalamika, ukarudi kutafuta kosa.

Sasa tazama fani za tiba. Daktari wa upasuaji anayeshuku kidole tumbo akifungua tumbo, anajua siku hiyo hiyo kama alikosea. Daktari wa magonjwa ya akili hana kipimo cha damu cha kuthibitisha sonona. Anategemea mazungumzo, na jibu huchukua wiki au miezi.

Je, tabibu wa zahanati? Huyu ndiye namhurumia zaidi. Mgonjwa anamletea homa tu. Inaweza kuwa malaria, nimonia, homa ya matumbo, maambukizi ya mkojo, au brusela iliyotoka kwenye maziwa yasiyochemshwa. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani linashauri kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa. Ni hatua kubwa. Lakini kipimo kikisema si malaria, swali linabaki: ni nini basi?

Jirani yangu alitibiwa homa ya matumbo mara mbili katika zahanati moja. Hakupona, akaenda kwingine, akapatikana na brusela. Yule tabibu wa kwanza huenda hadi leo anaamini alimponya! Mgonjwa aliyepona harudi, na aliyekata tamaa harudi pia. Kwa tabibu wote wawili ni kimya kile kile.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo. Siku ya saba mgonjwa apate ujumbe mfupi wa simu: jibu 1 kama umepona, 2 kama bado, 3 kama umetibiwa kwingine. Ujumbe usitaje ugonjwa, maana simu za nyumbani husomwa na wengi, na mgonjwa aombwe ridhaa kwanza. Majibu yamfikie tabibu mwenyewe. Yakianza kwa mkubwa wake yatageuka fimbo, na tabibu ataogopa kuandika anachoshuku.

Najua kupona si ushahidi kamili. Homa nyingi hupoa zenyewe hata dawa ikiwa si sahihi. Lakini "bado" kumi katika mwezi mmoja zitamfanya mtu afungue tena daftari lake.

Kazi hii haihitaji kompyuta yenye akili, bali simu ambazo tayari ziko mifukoni. Ninyi mnaofanya kazi zahanati na hospitalini, mwaonaje? Ingewasaidia, au ni mzigo mwingine?