Namba ya Siri Inapotajwa kwa Sauti

Mgonjwa mwenye mtoto wa jicho hawezi kusoma tarakimu sita kwenye kioo cha simu ndogo. Bibi asiyejua kusoma naye hawezi. Wote wawili humwita mjukuu au jirani, na papo hapo namba ya siri hukoma kuwa siri. Ndiyo maana utaratibu wa kompyuta kumpigia mtu simu na kumtajia namba ya matumizi ya mara moja unastahili kupewa nafasi kadiri majalada ya wagonjwa yanavyohamia kwenye kompyuta.

Katika uthibitisho wa hatua mbili au zaidi, nywila huonyesha kile mtu anachokijua. Namba inayotajwa simuni huonyesha kwamba laini yake iko mikononi mwake. Kwa mkazi wa Rungwa, kusini mwa Itigi katika barabara ya misituni iendayo Mbeya, simu ya vitufe yatosha. Hahitaji intaneti.

Lakini sauti husikika. Namba ikitajwa kwa spika ya nje kwenye benchi la zahanati, foleni nzima imeipata. Lipo pia jambo zito zaidi: nyumba nyingi hutumia simu moja, na mara nyingi hushikwa na mume. Mke anayehudhuria kliniki ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI aweza kufichuliwa na simu iliyokusudiwa kumlinda. Sauti hiyo isitaje kliniki wala huduma. Mgonjwa naye aulizwe faraghani, siku ya kujiandikisha, ni namba ipi ipigwe na saa ngapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti. Faragha hiyo si hisani ya muuguzi.

Watumishi nao wana kishawishi chao. Mganga mfawidhi akiwa safarini kufuata dawa, muuguzi humpigia ampe namba ili afungue mfumo. Nia ni njema, ila kila kitakachoandikwa kitabeba jina la mtu ambaye hakuwepo. Dawa yake ni kila mtumishi kuwa na akaunti yake.

Kiswahili kina mtego wake mdogo: “nne” na “nane” hukaribiana masikioni mwa mzee, hasa mtandao ukikwaruza. Tarakimu zitajwe mojamoja, polepole, zirudiwe.

Wala njia hii isidhaniwe kuwa ngome. Mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani iliweka masharti ya tahadhari kwa namba zinazopitishwa kwa simu au ujumbe mfupi, kwa kuwa laini yaweza kuhamishiwa mikononi mwa mwingine. Watanzania waliozoea ujumbe wa “tuma kwa namba hii” hawahitaji kufundishwa utapeli. Wanachohitaji kusikia kutoka kwa kila zahanati ni kwamba hakuna daktari, muuguzi wala karani anayepaswa kumpigia mgonjwa na kumwomba amtajie namba yake.

Na mtandao ukikatika? Matibabu yaendelee. Aliyeletwa na kifafa, hana fahamu, hawezi kupokea simu. Jalada lake lifunguliwe na mganga wa zamu, sababu iandikwe, naye aarifiwe atakapopata nafuu.