SPIKA SITA, KOO SITA: MASTAA ACHENI KUWAPONZA VIJANA!

Kuna kamtindo kameshika mjini. Staa anapiga picha sebuleni, nyuma yake sabufa kubwa kama friji na spika za kila aina. Dogo wa Mbagala akiona, anavunja kibubu, mbio Kariakoo kuokoteza: mbili za huku, moja ya kule, mradi zitimie tano na sabufa. Filamu ikianza, gari likipita kutoka kushoto kwenda kulia, mlio unageuka katikati kama limebadilishwa injini!

Ukweli mchungu ni huu. Spika tatu za mbele, kushoto, kati na kulia, zinatakiwa ziwe ndugu: kampuni moja, toleo moja. Ya kati ndo inabeba maongezi mengi. Ikiwa ya ukoo mwingine, watu wanaongea kama wana mafua. Sabufa haina shida, hata ya kampuni nyingine poa tu, maana besi ya chini ya hezi 80 sikio halitambui vizuri inatokea upande gani.

Na ile "wati 10,000 PMPO" kwenye boksi? Changa la macho. Angalia RMS, na omu za spika ziendane na amplifaya, la sivyo inaweza kuungua.

Hela ndogo? Anza na mbili nzuri, ongeza ya kati ya toleo hilohilo kabla halijaisha sokoni. Za nyuma zitafuata mdogo mdogo.

Staa pengine kapewa bure atangaze. Dogo katoa mshahara wa mwezi mzima. Nani kaliwa hapo?

Wadau mnasemaje?