Hakuna Ushahidi Kamili

Kuna sentensi moja siipendi kabisa: "Hakuna ushahidi kamili." Imezika watu wengi, na waliokuwa wakiisema walikuwa wamevaa suti.

Turudi Marekani, Julai 1982. CDC, idara ya kudhibiti magonjwa, inatangaza kwamba wanaume watatu wenye himofilia, ule ugonjwa wa damu kutoganda, wamepata nimonia ya aina inayoshika mtu ambaye kinga yake imeporomoka. Wote watatu walikuwa wakidungwa faktari VIII, dawa ya kugandisha damu iliyotengenezwa kwa kuchanganya plazma ya maelfu ya watu. Mmoja akiwa mgonjwa, mzigo wote umeharibika.

Januari 1983, madaktari wakachapisha vipimo vya wagonjwa ambao bado walionekana wazima. Waliotumia dawa hiyo, hesabu ya seli zinazoongoza kinga ya mwili ilikuwa imevurugika. Waliotumia krayo, dawa ya zamani inayotoka kwa wachangiaji wachache, walikuwa afadhali.

Utaniambia virusi vya Ukimwi vilikuwa havijajulikana, na kwamba wataalamu wengine walidhani kinga inachoshwa tu na protini za watu wengine. Sawa. Hata hivyo, dawa ya kushuku ilikuwa ileile, na krayo ilikuwepo. Huhitaji kujua jina la nyoka ndio utoe mkono shimoni.

Lakini mauzo yaliendelea. Februari 1984, Cutter, kampuni ya Bayer, ikaanza kuuza Marekani faktari iliyopashwa moto kuua virusi. Na ile ya zamani? Mwaka 2003 New York Times ilifichua kwamba iliendelea kuuzwa Asia na Amerika ya Kusini. Kumbe ushahidi ulimtosha mtu wa Chicago, lakini kwa mtu wa Hong Kong ulikuwa bado haujakamilika!

Karibu nusu ya wenye himofilia Marekani waliambukizwa HIV. Uingereza nayo ilingoja hadi Mei 2024 ndio ripoti ya uchunguzi ikasema waziwazi: hii haikuwa ajali. Wengi waliostahili kuisikia walishazikwa.

Mimi si daktari, hata chuo niliacha. Lakini siku mwenye kuuza akikwambia hakuna ushahidi kamili, muulize: tukiungoja, ni nani anadungwa?