Asiye na kitabu cha hesabu hana ushahidi: wahasibu wa Lubunga na kazi ya kesho

Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko La Haye iliamuru Uganda iilipe nchi yetu dola milioni 325 kwa hasara za vita vya miaka ya 1998 hadi 2003. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, na si zote zinahusu hesabu. Lakini sababu moja inarudi mara kwa mara ndani ya hukumu: ushahidi ulioletwa haukutosha. Kwa shirika la umeme SNEL peke yake, Kongo ilidai karibu dola milioni 97. Mahakama haikutoa hata dola moja kwa dai hilo. Majaji walisema kwamba SNEL ni mali ya serikali, kwa hiyo serikali ingeweza kutarajiwa kuleta angalau uthibitisho fulani wa hasara hiyo.

Sisi wakaaji wa Kisangani hatuhitaji kuelezwa vita hivyo vilikuwa nini. Mabomu ya siku sita za Juni 2000, wakati majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wetu, yaliua watu na kubomoa nyumba ambazo mpaka leo wenyewe wanazikumbuka kwa majina ya barabara. Kilichokosekana La Haye hakikuwa kumbukumbu za watu. Zilikosekana karatasi: orodha ya mali, bei yake, tarehe iliponunuliwa, sahihi ya aliyeipokea. Yaani kazi ya mhasibu, au comptable kama tunavyomwita hapa.

Ndiyo maana tunaliandika jambo hili leo tukiwa tunatazama Lubunga, komini pekee ya mji wetu iliyo kwenye ng'ambo ya kushoto ya mto. Katika nchi nyingi watu wa taaluma ya uhasibu wanajiuliza watafanya nini mbele ya kompyuta zinazojua kupanga hesabu zenyewe, sheria zinazobadilika na fakture za kielektroniki. Maswali hayo ni ya kweli, nasi yanatuhusu. Ila kwa Lubunga kuna swali linalotangulia yote: ni nani anayeandika leo kile kitakachoombwa kesho kama ushahidi?

Sheria zimekimbia, watu wamebaki

Kwa miaka mingi wahasibu wa nchi hii walifuata mpango wa hesabu uliotungwa mwaka 1976, wakati wa Zaire. Kisha Kongo ikajiunga na OHADA, na sheria zake zikaanza kutumika kwetu tarehe 12 Septemba 2012. Mwaka 2015 sheria ikaunda ONEC, chama cha taifa cha wahasibu wataalamu. Kabla watu hawajazoea, OHADA ikaufanyia marekebisho mfumo wake wa hesabu, SYSCOHADA, na mfumo huo mpya ukaanza tarehe 1 Januari 2018. Halafu tarehe 1 Januari 2024 ukaanza mfumo mwingine, SYCEBNL, uliotungwa kwa ajili ya mashirika yasiyotafuta faida: vyama, makanisa, mashirika ya misaada.

Tuhesabu pamoja. Mtu aliyemaliza masomo ya biashara mwaka 2010 na kupata kazi katika kituo cha afya au katika ofisi ya shirika dogo ameona kanuni zikibadilika mara tatu. Je, amerudi darasani mara ngapi? Semina nyingi hufanyika Kinshasa au Lubumbashi. Kutoka Lubunga, hata kufika upande wa Makiso ni kulipa mtumbwi na kupoteza nusu siku. Mhasibu wa namna hii hajakataa kubadilika. Hakuna aliyemletea mabadiliko hayo mpaka mahali alipo.

Jambo la kusikitisha ni kwamba ndani ya sheria hizo kuna sehemu iliyotungwa hasa kwa watu wa hali ya Lubunga, na wengi hawaijui. SYSCOHADA ina mfumo mdogo uitwao SMT, kwa biashara zenye mauzo ya chini. Kwa wauzaji wa bidhaa, kikomo chake ni faranga CFA milioni 60 kwa mwaka, sawa na dola laki moja hivi. Kwa mafundi ni milioni 40, na kwa watoa huduma milioni 30. Karibu kila duka, kinu na karakana ya ng'ambo hii iko chini ya viwango hivyo. SMT haidai mambo makubwa: andika kilichoingia, andika kilichotoka, hesabu mali iliyobaki, andika unayemdai na anayekudai. Mama anayeuza mchele sokoni anaweza kuifuata akiwa na daftari mbili na kalamu. Mtu wa kumkalisha chini na kumwonyesha kwa Kiswahili au Kilingala ndiye anayekosekana.

Simu inaandika, lakini haielezi

Wengine watasema daftari limepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi pesa zinapita kwenye M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Ni kweli simu imesaidia sana. Mtu wa Lubunga hana haja ya kuvuka mto na makuta mfukoni ili kumlipa muuzaji wa Makiso. Kila malipo yanaacha ujumbe wenye tarehe na kiasi.

Lakini ujumbe wa simu unaonyesha kwamba pesa zimehama. Hausemi kwa nini zimehama. Je, dola 50 zile zilikuwa bei ya saruji, mkopo kwa shemeji, au zamu ya likelemba? Miezi sita baadaye hata mwenye simu hakumbuki. Simu ikiibiwa au ikianguka mtoni, historia yote inaweza kwenda nayo. Kazi ya uhasibu inaanzia pale ujumbe wa simu unapoishia: kuunganisha pesa na sababu yake, na kuweka nakala mahali pengine.

Kuna pia tabu ya sarafu mbili. Mfanyabiashara wetu ananunua kwa dola na kuuza kwa faranga. Mwaka 2025 faranga ilipanda thamani mbele ya dola kwa muda mfupi, na wengi walishangaa kuona mauzo yako palepale huku mtaji ukienda kombo. Aliyekuwa akiandika bei ya dola ya kila siku pembeni ya mauzo yake aliweza kujua kilichompata. Asiyeandika alilaumu uchawi au jirani.

Kuhusu fakture ya kielektroniki ambayo mamlaka ya kodi, DGI, inaileta ili kuifuatilia TVA, tungependa serikali itazame majirani. Tanzania ilianza mashine zake za EFD mwaka 2010, na miaka michache baadaye wafanyabiashara wa miji kadhaa walifunga maduka wakilalamikia bei ya mashine hizo. Rwanda nayo ilianza na mashine zake mwaka 2013. Tunachojifunza hapo ni kwamba mashine ikifika kabla ya maelezo, watu wanaiona kama adhabu. Na hapa kwetu, ambako umeme unategemea turbini za Tshopo zinazochoka kila mara, mpango wowote usiosema nini kifanyike umeme unapokatika haujakamilika.

Vipi kuhusu akili bandia? Tayari kuna programu zinazosoma picha ya fakture na kuiingiza kwenye hesabu bila mkono wa mtu. Kijana anayedhani atapata mkate kwa kunakili namba tu ana haki ya kuogopa. Lakini programu inapanga kile ilichopewa. Ikipewa risiti ya uongo, itatoa ripoti safi ya uongo. Haiwezi kuingia ghalani kuhesabu magunia, wala kumuuliza mwenye kituo cha afya dawa zilizoandikwa zimekwenda wapi. Haiwezi pia kumwambia mkubwa wake: "Hapa siweki sahihi." Kazi hizo ndizo zitakazobaki mikononi mwa mhasibu, na shule zetu zinazigusa kidogo mno.

Pesa zinazotuhusu sisi

Msomaji anaweza kuuliza kama haya si mambo ya wasomi tu. Hapana. Mfuko wa FRIVAO, uliowekwa kwa ajili ya kugawa malipo ya Uganda kwa wahanga, una makao yake hapa Kisangani. Hukumu ya 2022 ilipanga malipo hayo kwa mafungu matano ya dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Kila mhanga anayesimama kwenye foleni ya kuandikishwa anakutana na swali lilelile la La Haye: una uthibitisho gani? Na kila raia wa mji huu ana haki ya kuuliza upande wa pili: pesa zilizoingia ni ngapi, zilizotoka ni ngapi, na nani alipokea? Mwezi Septemba 2025 Mahakama ya Kasasyo ilimhukumu waziri wa zamani wa sheria, Constant Mutamba, ambaye alikana makosa, miaka mitatu ya kazi ngumu kwa kupotosha karibu dola milioni 19 za mradi wa gereza la Kisangani. Pesa za jina la mji wetu zinaweza kujadiliwa Kinshasa mwaka mzima bila sisi kuona hesabu yake hata ukurasa mmoja.

Na Lubunga ina jeraha la karibu zaidi. Tangu Februari 2023, ugomvi wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola umechoma nyumba, umeua watu na kuwatawanya wengine wengi ambao walikimbilia sehemu nyingine za mji. Wamepata misaada kupitia mashirika na makanisa. Hapo SYCEBNL si jina la kitabuni tena: ni kanuni inayotakiwa kuonyesha kama turubai na unga vilivyoandikwa viliwafikia waliokusudiwa. Na hasara zenyewe je? Nyumba, mbuzi, cherehani, mashamba ya muhogo: yameandikwa wapi, na nani? Ikiwa siku moja kutakuwa na fidia au hata mapatano tu ya kurudishiana mali, tutaingia tena mikono mitupu kama tulivyoingia La Haye?

Tunachoomba

Kwanza, ONEC na Baraza la Kudumu la Uhasibu, CPCC, wafikishe mafunzo mpaka kwenye majimbo, na wawajali pia wahasibu wa ngazi ya chini. Tanzania, kupitia NBAA, na Kenya, kupitia KASNEB, zina mitihani kwa ajili ya mafundi wa hesabu, yaani watu ambao si wataalamu wakubwa lakini ndio wanaoshika daftari kila siku. Kijana wa Lubunga naye anastahili cheti cha namna hiyo kinachotambulika, bila kulazimika kupanda ndege.

Pili, Chuo Kikuu cha Kisangani na ISC wapeleke wanafunzi wao wa mazoezi ng'ambo ya kushoto. Miezi miwili sokoni, kwenye kituo cha afya au katika ofisi ya parokia itamfundisha mwanafunzi mambo ambayo ubao haumfundishi, na itawaachia wenyeji daftari lililopangwa vizuri. Shule za sekondari zenye masomo ya biashara nazo zifundishe SMT kwa mifano ya hapa: mtumbwi, kinu, duka la dawa.

Tatu, DGI itumie mwaka wa kwanza wa kila kifaa kipya kueleza na kusaidia, kabla ya kutoza faini.

Nne, viongozi wa komini na mashirika ya raia waanzishe sasa, pamoja na wahasibu wa kujitolea, orodha ya hasara za mwaka 2023 na baada yake, kwa jamii zote mbili bila upendeleo, na nakala zake zihifadhiwe mahali pawili. Kumbukumbu za watu zinafifia, na wazee wanaondoka.

Wahasibu wenyewe nao wana deni. Taaluma yao haitaokolewa na programu mpya kama bado kuna wanaokubali kuandika risiti moja kwa bei mbili. Programu za kupanga namba zitaendelea kushuka bei kila mwaka. Mtu ambaye sahihi yake inaaminika na Mbole na Lengola, na mfadhili na mhanga, ataendelea kutafutwa. Huyo ndiye mhasibu ambaye shule zetu na ONEC wanapaswa kumwandaa, na Lubunga imemngoja vya kutosha.