Dar es Salaam: Ni nani anayeichunga mamlaka ya maji?

Kila mwaka ifikapo mwisho wa Machi, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania humkabidhi Rais ripoti yake. Wiki chache baadaye ripoti hiyo huwasilishwa bungeni mjini Dodoma, na kwa siku kadhaa vyombo vya habari vya nchi hiyo jirani hujaa takwimu za mashirika ya umma. Mamlaka za maji hazikosekani humo. Kisha mjadala hupoa, na mkazi wa Dar es Salaam huendelea kuamka usiku wa manane kusikiliza kama bomba limeanza kutoa maji.

Mamlaka inayohusika ni DAWASA, inayohudumia jiji hilo pamoja na sehemu za Mkoa wa Pwani, zikiwemo Kibaha na Bagamoyo. Sehemu kubwa ya maji yake hutoka Mto Ruvu. Mtambo wa Ruvu Chini uliongezewa uwezo kutoka lita milioni 180 hadi milioni 270 kwa siku kwa msaada wa Marekani. Ule wa Ruvu Juu ukapandishwa kutoka lita milioni 82 hadi milioni 196 kwa mkopo wa India. Hata hivyo, mto huo ulipopungua kwa ukame mwezi Oktoba 2022, jiji liliingia katika mgao mkali. Mwaka huohuo serikali ilitia saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda mkoani Morogoro, linalokusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190.

Miradi mikubwa ina umuhimu wake. Lakini swali linalorejea katika kila ukaguzi ni jingine: maji yanayozalishwa huishia wapi?

Ndoo iliyotoboka

Wataalamu huita hali hiyo upotevu wa maji. Ndani yake mna mambo mawili tofauti. La kwanza ni maji yanayomwagika ardhini kupitia mabomba chakavu. La pili ni maji yanayomfikia mtumiaji bila kulipiwa, kwa sababu ya maunganisho haramu, dira mbovu au ankara zisizotolewa. EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji Tanzania, imeweka ukomo wa asilimia 20. Ripoti zake zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa mamlaka za maji za mijini, kwa wastani, hupoteza zaidi ya hapo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Ikiwa mamlaka inazalisha lita 100 na kupoteza 35, gharama za lita zote 100 hulipwa na wanunuzi wa lita 65. Kila lita iliyouzwa hubeba mzigo wa zaidi ya lita moja na nusu. Mteja mwaminifu humlipia mwizi, na humlipia pia fundi ambaye hakufika kuziba bomba. Tena, theluthi moja ya uwezo wa mitambo miwili ya Ruvu ni takriban lita milioni 155 kwa siku. Kiasi hicho kinapita lita milioni 114 zilizoongezwa na upanuzi wa Ruvu Juu.

Macho mengi, mkono mmoja

Haiwezekani kusema kwamba DAWASA haina wasimamizi. Wizara ya Maji hutoa sera, Msajili wa Hazina huangalia mitaji ya umma, na kamati ya Bunge ya uwekezaji wa mitaji ya umma huwahoji viongozi. EWURA nayo huidhinisha bei baada ya kusikiliza maoni ya wananchi. Tatizo ni kwamba wengi wao huja baada ya jambo kutokea.

Aidha, wasomaji hawana budi kutofautisha kaguzi mbili. Ukaguzi wa hesabu huuliza kama fedha zimeandikwa ipasavyo. Ukaguzi wa ufanisi huuliza kama fedha hizo zimeleta huduma. Shirika linaweza kupata hati inayoridhisha huku mabomba yake yakivuja mchana kutwa, maana hati hiyo huthibitisha vitabu vya hesabu tu.

Historia pia ina neno. Mwaka 2003, chini ya masharti yaliyohusishwa na msamaha wa madeni, uendeshaji wa huduma ulikabidhiwa kampuni binafsi ya City Water kwa mkataba wa miaka kumi. Haikutimiza miaka miwili; mwezi Mei 2005 serikali iliuvunja mkataba huo ikiilaumu kwa kutotimiza wajibu wake. Mwaka 2008 baraza la usuluhishi la kimataifa liliona kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa uwekezaji, lakini halikuipa kampuni ile fidia yoyote. Baadaye shirika la umma, DAWASCO, ndilo lililouza maji, huku DAWASA ikimiliki miundombinu na kulisimamia. Mwaka 2018 mashirika hayo mawili yaliunganishwa.

Muungano huo uliondoa mgongano wa majukumu. Lakini uliondoa pia jicho lililokuwa karibu zaidi: msimamizi na msimamiwa wakawa mtu mmoja. Juu yake ipo serikali, ambayo ni mmiliki wa mamlaka, mteuzi wa viongozi wake, na kupitia taasisi zake, mteja ambaye mara nyingi amelalamikiwa kwa kuchelewa kulipa ankara. Ni vigumu kwa mdaiwa kumkaripia mdai wake kwa sauti kubwa.

Funzo kwa majirani

Hapa Rwanda jambo hili si geni. Tangu WASAC ianzishwe mwaka 2014, Mkaguzi Mkuu amewahi kuonyesha upotevu unaozidi theluthi moja ya maji yanayozalishwa, na viongozi wake wameitwa bungeni kujieleza. Uzito wa maswali haujakosekana Dodoma wala Kigali. Kilicho adimu ni tarehe ya mwisho ya kutekeleza majibu.

Njia moja ipo tayari mikononi mwa mdhibiti: kufungamanisha kila ombi la kupandisha bei na kiwango cha upotevu kilichopunguzwa, na kukitangaza eneo kwa eneo ili mwananchi aweze kukipima. Bila hivyo, bwawa la Kidunda litajaza ndoo ileile iliyotoboka. Na atakayelipa kwanza ni yule asiye na bomba nyumbani, anayenunua maji kwa dumu, kwa bei ambayo hakuna mdhibiti aliyeiidhinisha.